Chumvi au Maji? Tishu Iliyokuzwa Maabarani Yaamua Hoja ya Mapafu

Kikohozi kisichokwisha kinajulikana katika nyumba nyingi, na kila nyumba ina tafsiri yake. Wengine husema ni vumbi, wengine baridi, na wengine, Mwenyezi Mungu atunusuru, humtafuta jirani mwenye jicho baya. Makala hii inahusu maradhi mamoja ya mapafu yenye kikohozi cha namna hiyo, ambayo kwa miaka mingi wataalamu wenyewe hawakuafikiana yanaanzia wapi. Inahusu pia njia waliyoitumia kuikata hoja: kuotesha utando wa njia ya hewa ya binadamu ndani ya kikombe kidogo cha plastiki, kuutilia vijidudu, kisha kutazama.

Maradhi yenyewe huitwa sistiki faibrosisi. Ni ya kurithi. Mtoto huyapata iwapo baba na mama, wote wawili, wamebeba jeni moja yenye kasoro, ilhali wao wenyewe aghalabu ni wazima wasio na dalili yoyote. Kwa wazazi kama hao, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuzaa mtoto mgonjwa, na nasisitiza "kila mimba", kwani kuzaliwa mgonjwa mmoja hakuwakingi wadogo zake. Kwa hiyo hakuna mama wa kunyooshewa kidole hapa. Maradhi haya yameenea zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya Kaskazini, lakini si sahihi kuyaita maradhi ya wazungu. Yamo miongoni mwa Waafrika wa Afrika Kusini, na miongoni mwa Mabedui wa Falme za Kiarabu na Oman kuna kasoro yake mahususi ya jeni ambayo waganga wa huko wanaijua vizuri. Wasomaji wenye jamaa Maskati huenda wamekwisha kulisikia jina hili.

Daktari Dorothy Andersen wa New York aliyaeleza maradhi haya kwa uwazi mwaka 1938. Miaka 10 baadaye mji huo ulipigwa na joto kali, na madaktari wakaona kwamba watoto wenye maradhi haya ndio waliokuwa wakizimia kwa wingi hospitalini. Paul di Sant'Agnese aliifuatilia sababu, na mwaka 1953 akatangaza kwamba jasho lao lina chumvi kupita kiasi. Bibi wa Ulaya ya zamani, inasimuliwa, walilijua jambo hilo bila maabara: mtoto ukimbusu kwenye paji la uso ukaonja chumvi, hana maisha marefu. Mpaka leo kipimo cha maradhi haya ni kipimo cha jasho.

Lakini jasho haliui. Kinachoua ni mapafu. Mtoto huzaliwa na kifua kinachoonekana kizima, kisha makohozi huwa mazito na ya kunata, na bakteria wanaingia na hawatoki. Mkuu wao ni yule aitwaye sudomonasi, bakteria wa majini na udongoni, anayekaa hata kwenye masinki na mabomba ya hospitali. Mtu mzima wa afya humvuta puani bila kujua na hudhuriki. Katika mapafu ya mgonjwa huyu, sudomonasi hujijengea ngome ya utelezi, hugeuza makohozi kuwa ya kijani, na hukaa humo kwa miaka mingi huku antibayotiki zikimpunguza bila kumng'oa. Katika miaka ya 1950 ilikuwa nadra mtoto mwenye maradhi haya kufikia umri wa kuanza shule.

Swali lilikuwa: kwa nini vijidudu hivi vinafanikiwa hapa na si kwingine? Mwaka 1983 Paul Quinton wa California, ambaye mwenyewe ni mgonjwa wa maradhi haya, alionyesha kwamba ngozi ya vifereji vya jasho vya wagonjwa haipitishi kloridi, ambayo ni nusu ya chumvi tunayoijua mezani. Mwaka 1989 watafiti wa Toronto na Michigan waliipata jeni yenyewe. Ni jeni ya protini inayofanya kazi ya mlango wa kloridi kwenye ukuta wa seli. Basi mlango uliojifunga ukawa umejulikana. Lakini kutoka kwenye mlango wa chumvi mpaka kwenye pafu lililojaa usaha ni safari ndefu, na hatua za katikati hakuna aliyeziona. Pafu la mtu aliye hai halifunguliwi kila asubuhi likatazamwa. Pafu la aliyekufa linaonyesha mwisho wa vita, halionyeshi vilianzaje. Panya waliotengenezwa mwaka 1992 wakiwa na kasoro hiyo hiyo ya jeni hawakusaidia sana, kwani mapafu yao hayakuugua kama ya binadamu.

Hapo ndipo ilipokuja faida ya tishu ya kukuzwa.

Kazi huanza kwa kupata seli. Huenda zikatoka puani mwa mgonjwa, kwa kusuguliwa na burashi ndogo laini. Huenda zikatoka katika mapafu mabovu yaliyoondolewa siku alipopandikizwa mengine, au katika mapafu ya marehemu yaliyotolewa kwa ridhaa lakini yakaonekana hayafai kupandikizwa. Seli hizo huwekwa juu ya utando wa plastiki wenye vitundu vidogo mno, ulioning'inizwa ndani ya kikombe. Mwanzoni hupewa maji ya lishe juu na chini, nazo huongezeka mpaka zikashikana na kuufunika utando wote. Kisha fundi hufanya jambo dogo lenye athari kubwa: huyaondoa maji ya juu, akayaacha ya chini. Sasa seli zinakula kwa chini, kama zilivyokuwa zikilishwa na damu mwilini, na kwa juu zinakutana na hewa, kama zilivyokuwa zikikutana nayo ndani ya kifua. Zikizamishwa moja kwa moja hubaki bapa, hazifanani na chochote. Zikiguswa na hewa, hurejea katika kazi zao. Baada ya wiki tatu au nne baadhi yake huota vijinywele na baadhi huanza kutoa ute.

Anayezitazama kwa hadubini huona jambo ambalo mabingwa wa fani hii hulifananisha na kimbunga. Vijinywele hupiga kwa pamoja, zaidi ya mara 10 kwa kila sekunde, na kuusukuma ute. Mwilini ute huo ungepanda taratibu mpaka kooni ukiwa umebeba vumbi na vijidudu, nasi tungeumeza bila habari. Lakini kikombe ni cha duara na ute hauna pa kutokea, hivyo unazunguka na kuzunguka. Kipande cha njia ya hewa ya mtu, pengine aliyekwisha kufariki, kinaendelea kufagia.

Mwaka 1996 kundi la Michael Welsh katika Chuo Kikuu cha Iowa lilichukua tishu za namna hii, za watu wazima wa afya na za wagonjwa, likazidondoshea bakteria kidogo. Kwenye tishu za wazima, bakteria walikufa. Kwenye tishu za wagonjwa, waliishi wakazaana. Hapakuwa na damu wala chembe nyeupe za kinga. Ni utando mtupu na umaji wake. Maana yake, njia ya hewa ina silaha yake yenyewe juu ya uso wake, na kwa wagonjwa silaha hiyo haikati. Kundi la Iowa likatoa na sababu: umaji wa juu ya tishu za wagonjwa una chumvi nyingi mno, na chumvi hiyo inazidhoofisha protini za kuua vijidudu. Maelezo hayo yalivutia kila mtu, kwa sababu yaliliunganisha jasho la chumvi na pafu lenye usaha kwa kamba moja.

Hayakudumu. Kundi la Richard Boucher, katika Chuo Kikuu cha North Carolina kilichoko Chapel Hill, lilikuwa likiotesha tishu zile zile. Mwaka 1998 likatangaza kwamba chumvi katika umaji wa wagonjwa na wa wazima ni sawa. Kilichotofautiana ni maji. Juu ya seli kuna tabaka jembamba la umaji, kina chake kama sehemu 7 za elfu za milimita, ambamo vijinywele hupigia kasia, na ute huelea juu yake. Kwenye tishu za wagonjwa, seli zilinyonya chumvi pamoja na maji yake mpaka tabaka likakauka. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa zaidi: maji yakipwa, mashua hukaa mchangani. Vijinywele vililazwa chini ya ute, kimbunga kikasimama, na ute ukaganda pale pale ulipo, na bakteria wamo.

Msomaji asidhani huu ulikuwa ubishi wa maneno. Kupima umaji mwembamba kiasi hicho ni mtihani mkubwa, kwani ukiugusa tu umekwisha kuubadilisha. Aidha, matokeo ya hoja hizi mbili kwa mgonjwa yanapingana moja kwa moja. Ikiwa tatizo ni chumvi kuzidi, basi kumvutisha mgonjwa chumvi ni kumuongezea sumu. Ikiwa tatizo ni maji kupungua, basi chumvi ndiyo dawa, kwa kuwa chumvi huvuta maji, kama ajuavyo kila aliyewahi kutia samaki chumvi akaona anavyotoka maji.

Jibu la vitendo lilitoka upande mwingine wa dunia. Madaktari wa Sydney, Australia, walikuwa wamesikia wagonjwa wao wanaoteleza juu ya mawimbi ya bahari wakisema kwamba siku za baharini vifua vyao hufunguka. Jaribio likafanywa kwa wagonjwa 164 kwa muda wa wiki 48. Nusu walivuta kwa mashine ukungu wa maji ya chumvi ya asilimia 7, ambayo ni makali mara mbili ya bahari, na nusu walivuta maji ya chumvi hafifu. Yalichapishwa Januari 2006: nguvu ya kupuliza pumzi iliongezeka kidogo tu, lakini vipindi vya kuzidiwa kifua vilipungua kwa zaidi ya nusu. Katika toleo lile lile la jarida, kundi la Chapel Hill likaonyesha kwamba chumvi hiyo inaharakisha kusafiri kwa makohozi kutoka mapafuni, na likatumia tishu za kwenye vikombe kueleza ni kwa nini athari yake hudumu kwa saa kadhaa. Dawa hii si ghali. Ni chumvi.

Nalazimika kuweka tahadhari hapa, kwa kuwa najua makala zinavyosomwa na kisha kusambazwa kwenye simu zikiwa nusu. Chumvi hiyo hutayarishwa ikiwa safi isiyo na kijidudu, huvutwa kwa nebulaiza, na aghalabu hutanguliwa na dawa ya kupanua njia za hewa, kwa sababu kwa baadhi ya watu hubana kifua papo hapo. Maji ya bahari ya kwenye sufuria si hayo. Na mwenye pumu asijaribu jambo hili nyumbani kwake.

Je, kundi la Iowa lilikuwa limekosea? Nusu. Walichokiona kilikuwa kweli, walivyokieleza ndivyo sivyo. Mwaka 2008 walishiriki kutengeneza nguruwe mwenye kasoro ya jeni hiyo (msomaji atavumilia kutajwa kwa mnyama ambaye kurasa hizi hazimtaji mara kwa mara, pafu lake limekaribiana na letu kuliko la panya, na hakuna aliyesema aliwe). Kwa kutumia watoto wa mnyama huyo waliozaliwa karibuni, kabla maambukizi hayajaharibu kitu, walionyesha mwaka 2012 kwamba umaji wa njia yao ya hewa kweli hushindwa kuua bakteria, na sababu ni ukali wa asidi. Mlango ule uliofungwa hupitisha pia bikaboneti, ile iliyomo katika magadi, ambayo hutuliza asidi. Ikikosekana, protini za kinga hulegea. Kwa hiyo mgonjwa ana misiba miwili kwa wakati mmoja: ufagio umekwama na silaha imekufa makali.

Tishu hizi zimejibu pia jambo ambalo kila mzazi wa mtoto mwenye kifua kibovu amelishuhudia: mafua madogo ya siku tatu kwa wenzake, kwake yanakuwa wiki tatu za kulazwa. Jennifer Bomberger na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh waliziambukiza tishu za njia ya hewa virusi vya mafua vinavyosumbua watoto wachanga, kisha wakaongeza sudomonasi. Waliyoyachapisha mwaka 2016 ni haya: seli zilizoshambuliwa na virusi huachia madini ya chuma kwa juu, na sudomonasi huyatumia chuma hicho kama chakula cha kujengea ngome yake. Virusi vinamtandikia jamvi bakteria. Na watafiti wa Dartmouth walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba ngome inayojengwa juu ya seli hai za njia ya hewa huhimili dawa kuliko ile inayoota juu ya plastiki tupu. Hiyo inatueleza kwa nini antibayotiki inayofanya vyema kwenye kisahani cha maabara hushindwa kifuani.

Tusizipe tishu hizi sifa zisizo zake. Kikombe hakina damu, hakina chembe za kinga isipokuwa zikiongezwa kwa mkono, hakina mishipa ya fahamu, na hakikohoi. Mwaka 2010 Dan Huh na Donald Ingber wa Harvard walitengeneza kijipande cha plastiki laini chenye seli za pafu upande mmoja na za mshipa wa damu upande wa pili, kikivutwa na kulegezwa kama kifua kipumuacho. Ni hatua. Hata hivyo, kikombe hicho cha kawaida ndicho kilichobeba sehemu kubwa ya kazi.

Baadhi ya wasomaji watauliza, na ni haki yao: seli za marehemu kukaa zikifagia ndani ya kikombe, je, si kuvunja heshima ya maiti? Baraza la Fiqhi la Kimataifa la Kiislamu, katika kikao chake cha nne mjini Jeddah, Februari 1988, lilijadili upandikizaji wa viungo na likaruhusu kutumia kiungo cha maiti kwa masharti, mojawapo likiwa ni idhini ya marehemu kabla ya kufa au ya warithi wake. Hukumu hiyo ilihusu kupandikiza, na haikutaja vikombe vya maabara, lakini sharti la idhini linatosha kutuonyesha pa kusimama. Kutaka idhini si jambo la kupuuza. Mwaka 1951, mjini Baltimore, seli za Henrietta Lacks, mama Mmarekani mweusi aliyekuwa akiugua saratani, zilichukuliwa na kukuzwa bila yeye kuulizwa, na zimetumika duniani kote tangu hapo. Elimu iliyopatikana ni kubwa. Dhulma nayo haifutiki kwa ukubwa wa elimu. Kwa maoni yangu, burashi ya puani kwa mgonjwa aliye hai, aliyeelezwa akakubali, ndiyo njia iliyo safi zaidi, na inafurahisha kuona maabara nyingi zinaielekea.

Matunda makubwa zaidi ni ya dawa. Watafiti wa kampuni ya Vertex ya Marekani waliijaribu dawa ya ivakafta juu ya tishu za njia ya hewa za wagonjwa, na mwaka 2009 wakaonyesha kwamba mlango uliokwama unafunguka, tabaka la umaji linapanda, na vijinywele vinapiga tena. Dawa iliidhinishwa Marekani Januari 2012 kwa wagonjwa wachache wenye kasoro moja mahususi, na mwaka 2014 ikaongezwa kwa kasoro nyingine kadhaa, ikiwemo ile ya Mabedui wa Ghuba. Oktoba 2019 ikaja Trikafta, mchanganyiko wa dawa tatu, unaowafaa takriban asilimia 90 ya wagonjwa wa huko. Waliokuwa wakisubiri kupandikizwa mapafu walirudi makazini. Bei yake ilipotoka ilikuwa zaidi ya dola 300,000 kwa mwaka kwa mtu mmoja. Sina neno la adabu la kuieleza bei hiyo, hasa nikikumbuka kwamba tishu zilizofungua njia zilitolewa na wagonjwa na maiti wao bila malipo.

Na sudomonasi je? Watafiti waliwafuatilia wagonjwa wa Dublin walioanza ivakafta wakiwa tayari na maambukizi ya muda mrefu. Ndani ya siku chache bakteria walipungua kwa kasi, na kila mtu akatarajia watakwisha. Baada ya mwaka wa kwanza wakaanza kuongezeka tena. Mlango umefunguliwa, maji yamerudi, lakini pafu lililokwisha kupanuka na kupata makovu lina pembe ambazo ufagio haufiki. Hili linatugusa hata sisi tusio na maradhi haya ya kurithi, kwani kifua kikuu kilichopona kinaweza kuacha mapafu ya namna hiyo hiyo, yenye njia zilizotanuka na makohozi yasiyotoka, na sudomonasi hujua kuyapata. Aliyemaliza dozi ya kifua kikuu, vipimo vikaonyesha amepona, lakini bado anakohoa makohozi mengi kila asubuhi, asiambiwe "umekwisha pona, nenda". Arudi hospitali, aombe makohozi yaoteshwe ijulikane ni kijidudu gani, na aulize kuhusu mazoezi ya kuyatoa makohozi.

Kwa sasa vikombe vile vinatumika kuwatafutia dawa wale asilimia 10 ambao jeni yao haitengenezi mlango wowote, hivyo hakuna cha kufunguliwa. Kuna pia sharti moja la zamani ambalo hakuna dawa iliyoliondoa bado. Kwa kuwa wagonjwa wawili wakikaribiana wanaweza kuambukizana bakteria walio sugu, hushauriwa wasikae karibu chini ya mita 2. Watoto wawili wenye maradhi haya wanaweza kuandikiana kwa miaka, wakafahamiana kuliko ndugu, na wasipeane mkono.